Ukumbusho wa ukutani: tablo za Tshibumba na sisi wa Lualaba

Mara nyingi katika kijitabu hiki tumeandika juu ya ndoa, juu ya majina, juu ya mukanda na matanga. Mara hii tunapenda kusema juu ya picha: zile zinazoonyesha namna watu wa zamani walivyoishi, wafalme wao, shaba yao, vita vyao, kazi ya muzungu na fimbo yake. Tunajua kuna wasomaji watakaouliza kama tablo iliyopakwa rangi ya dukani iko mila. Hata sisi wenyewe tulibishana juu ya jambo hilo kabla ya kuandika, na hatukusikilizana wote. Mmoja wetu alisema mila ni kitu kinachotoka kwa bankambo, si kitu cha kuuzwa mu barabara. Lakini bankambo nao walikuwa na picha zao, ijapokuwa hazikufanana na foto.

Tuchukue lukasa ya Waluba. Ni ubao mdogo unaoshikwa kwa mkono, umejaa shanga na misumari na alama za kuchonga. Muzungu akiuona kwanza anafikiri ni pambo. Kumbe ni kitabu. Watu wa chama cha Mbudye walikuwa wanapitisha kidole juu ya shanga na kusimulia: hapa njo Mbidi Kiluwe, hapa njo Kalala Ilunga, hapa mji, hapa njia, hapa mahali pa mizimu. Hakuna sura ya mtu inayofanana na mtu. Na watu wawili wakisoma ubao mmoja hawasemi maneno yale yale, kwa sababu kila mmoja anasoma kwa ajili ya wale wanaomsikiliza siku ile. Jambo hili msomaji aliweke moyoni, tutalirudilia.

Tuchukue tena misalaba ya shaba. Ku Sanga, kando ya ziwa Kisale, walipochimba makaburi katika mwaka wa 1957 na 1958 walikuta vyungu, vyombo vya shaba na misalaba midogo, vitu vya watu walioishi pale tangu zaidi ya miaka elfu moja. Msalaba huo si wa kanisa. Ulikuwa mali, ulikuwa feza, ulitolewa kwa mahari, mwingine ulilazwa na maiti kaburini. Wasanga wanaita shaba mukuba, na wazee wanaita wafundi wa kuyeyusha "walaji wa shaba". Mwaka wa 1960, Katanga ya Tshombe ilipojitenga, iliweka misalaba mitatu ya shaba kwenye bendera yake. Hivi kitu cha kaburi kimekuwa picha ya serikali. Nalo tutalirudilia.

Sasa tufike kwa tablo zenyewe. Wenye kusoma historia ya sanaa ya Katanga wanaanza kila mara na Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyefungua atelie yake ku Élisabethville mwaka wa 1946, ile iliyoitwa Hangar. Ndani yake walitoka Pilipili Mulongoy, Bela, Mwenze Kibwanga. Kazi yao ni nzuri, hatuna neno. Samaki wa Pilipili wanaogelea kweli, na Bela alipiga rangi kwa vidole vyake mwenyewe. Lakini angalia vizuri: ndege, nyoka, mwindaji, kijiji, ngoma. Muzungu hayumo. Treni haimo. Shimo la shaba halimo, na hii katika mji uliojengwa na shaba! Ni zamani isiyo na mwaka. Tunafikiri wanunuzi walipenda hivyo, kwa sababu Afrika isiyo na mwaka haiulizi deni kwa mtu yeyote. Desfossés alikuwa mtu mwema kwa wanafunzi wake, na alikataza wasiige Wazungu. Lakini namna hiyo aliwaachia msitu tu, na mji akaukalia mwingine.

Mji ulichorwa na watu wengine, wasiokuwa na atelie. Katika miaka ya 1960 na 1970, ku Lubumbashi, ku Likasi, ku Kipushi na hapa Kolwezi, wachoraji walizunguka na tablo chini ya kwapa, wakiuza nyumba kwa nyumba. Walichora juu ya mifuko ya farini iliyofuliwa na kukazwa juu ya mbao. Mnunuzi hakuwa mtalii, alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, mwalimu, karani, mwenye kutaka kitu cha kuweka mu saloni. Na alipoulizwa kwa nini amenunua hakusema "kwa sababu ni nzuri". Alisema: "Hii njo ukumbusho." Neno hilo njo ufunguo wote. Ukumbusho si kumbukumbu tu iliyolala ndani ya kichwa. Ni kitu kinachokusukuma ukumbuke, kinachokufanya ukae na kufikiri, kinachomfanya mgeni aulize na mwenye nyumba aanze kusimulia. Hapa tunaona ya kuwa saloni la mfanyakazi na lukasa ya Mbudye vinafanya kazi moja.

Tablo iliyouzwa sana iliitwa Colonie belge. Wenye umri wetu wote waliiona. Katikati kuna mfungwa amelazwa chini, kaptula imeshushwa, askari mweusi amenyanyua fimbo. Kando amesimama muzungu wa serikali, kofia juu ya kichwa, mara nyingi mikono mu mifuko na kiko mdomoni. Nyuma kuna boloko na bendera ya Ubelgiji, na wafungwa wengine wanafanya kazi. Wanawake wamefika na chakula, ao wanalia. Wachoraji wengi waliirudilia tablo hii, kila mmoja kwa mkono wake, na wasomi wengine walisema basi ni kazi ya kukopi, haina ufundi. Sisi tunaona wamekosea. Mtu akiimba wimbo wa matanga haulizwi kwa nini hakutunga mpya.

Angalia tu namna ilivyopangwa. Muzungu hapigi. Hagusi kitu. Mwenye kupiga ni mweusi, na mwenye kupigwa ni mweusi. Mchoraji hakuandika maneno yoyote ya siasa, lakini ameonyesha namna utawala ulivyotembea: mkono wa ndugu yako, kichwa cha mwingine. Katika miaka ya Mobutu, mtu aliyetundika tablo hii mu saloni hakuwa anafikiri juu ya Wabelgiji peke yao. Kila mgeni alielewa, na hakuna polisi aliyeweza kumshitaki, kwa kuwa bendera iliyochorwa ilikuwa ya Ubelgiji. Ubaya wa tablo hii uko mahali pengine: mwanamke hana kazi ingine ndani yake isipokuwa kuleta chakula na kulia. Mama zetu walilima, waliuza soko, walilisha kambi nzima wakati posho ilipopunguka. Hayo wachoraji hawakuyaona, ao wanunuzi hawakuyalipia.

Kati ya wachoraji hao mmoja alitaka zaidi. Tshibumba Kanda-Matulu alizaliwa ku Élisabethville mwaka wa 1947. Alikuwa anauza Colonie belge kama wenzake. Katika 1973 na 1974 alizungumza na Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu ku Lubumbashi wakati ule, na akamchorea historia yote ya inchi, tangu zamani za wafalme na kufika kwa Wareno mpaka Zaïre ya Mobutu, na mwisho hata mambo aliyofikiri yatakuja. Ni tablo 101. Alijiita mwandishi wa historia, si mchoraji tu. Kwa kila tablo alisimulia, na Fabian akashika sauti yake kwa kinasa sauti. Alisimulia kwa Kiswahili, na si Kiswahili cha Unguja: Kiswahili cha huku kwetu, na Kifaransa kikichanganywa ndani, vile tunavyosema sokoni. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakusikika tena. Kitabu kilitoka 1996, Remembering the Present, kwa Kiingereza.

Tuseme wazi kinachotushika katika tablo hizo. Si uzuri wa mkono. Miguu ya watu wake mara nyingine haikanyagi chini vizuri, na sura zinafanana. Kinachotushika ni kwamba hakuogopa mambo ambayo hayakuwa na picha. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma ku Élisabethville, wakipiganisha mshahara, na askari walipiga masasi juu yao. Foto za Kampuni za miaka ile ziko nyingi: kambi safi, bustani, watoto wanapimwa uzito, kapita ameshika daftari. Mgomo haumo mu albamu. Tshibumba aliuchora. Alizaliwa miaka sita nyuma yake, hakuuona, lakini aliusikia kwa wazee, na akaweka tarehe chini. Kama tungekuwa na albamu za Kampuni peke yake, wajukuu wetu wangefikiri baba zao walikuwa wakichekelea tu.

Alimchora pia Mushidi, mwami wa Bayeke, ambaye Kapiteni Bodson alimwua ku Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, na Bodson mwenyewe akafa kwa risasi ya mtu wa Mushidi. Bunkeya leo ni ya jimbo letu la Lualaba. Kwa Bayeke jambo la kichwa cha mwami halijakwisha mpaka leo. Na wengine wetu, wajukuu wa Wasanga, wanakumbusha kwamba Mushidi naye alikuwa mgeni kutoka upande wa Tanganyika, na alitawala kwa nguvu. Tablo haiwezi kumaliza maneno hayo. Inayaamsha.

Lakini tablo inayotupa kazi zaidi ni ile ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, 17 Januari 1961. Maiti tatu zimelala mbele. Nyuma, juu ya kilima, misalaba mitatu. Ubavu wa Lumumba umejeruhiwa kama ubavu wa Yesu, na damu yake inatiririka ardhini na kuandika neno moja la Kifaransa, unité. Juu kuna nyota sita, na Tshibumba alieleza kwamba zinasema umoja.

Mtu wa historia atasema: haikuwa hivyo. Waliuawa usiku, katika pori la Shilatembo karibu na Élisabethville, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji, wakapigwa risasi mmoja mmoja karibu na mti. Baadaye miili ilifukuliwa, ikakatwa, ikayeyushwa katika asidi. Msalaba haukuwako, kilima hakikuwako. Hayo ni kweli, na mtoto wa shule inafaa ayajue vile yalivyotokea. Lakini tufikiri pamoja. Watu watatu wamenyimwa kaburi kusudi wasahauliwe. Katika 1973 hakuna mahali ambapo mtu angeweza kuweka ua. Mchoraji, kwa mfuko wa farini, amewapa kaburi na misalaba mitatu. Miaka karibu hamsini nyuma yake, Juni 2022, Ubelgiji ilirudisha jino moja la Lumumba, njo lote lililobaki, nalo likazungushwa katika inchi, likapita na Shilatembo, mbele ya kuzikwa Kinshasa. Wakati ule wote, kaburi lilikuwa ukutani kwa watu.

Kuna jambo lingine, ambalo hatujaliona mahali popote limeandikwa, tunalisema sisi. Mtu yeyote aliyekulia Katanga akiona misalaba mitatu anafikiri mara moja bendera ya 1960. Ni misalaba ya Golgota, ndiyo, na umbo lake si lile la msalaba wa shaba. Lakini hesabu ni ile ile, na serikali ya bendera ile njo ilimwua Lumumba. Hatusemi Tshibumba alitaka hivyo. Tunasema jicho la hapa linasoma hivyo, sawa vile kidole juu ya lukasa.

Na hapa tunafika kwenye neno gumu. Kuna ndugu zetu wanaosema historia ya Tshibumba si historia ya Katanga. Yeye ni Muluba wa Kasai, wanasema, Lumumba wake ni Yesu, na Tshombe wetu amepewa kazi ya Yuda. Tumesikia maneno hayo katika mikutano yetu wenyewe, hatuyabuni. Ni kweli tablo zina upande. Waliouawa katika vita vya kujitenga walikuwa wa pande zote, na kuna wazee wa huku waliomlilia Tshombe kwa machozi ya kweli. Anayetaka kuwachora, awachore, hakuna aliyemzuia. Lakini kusema mtu aliyezaliwa Élisabethville, akakulia kati yetu, akasimulia kwa Kiswahili chetu, si wa hapa, hilo ni neno lililokwisha kuleta mabaya. Mwaka wa 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye stasio siku nyingi wakingoja treni, na watoto walikufa pale. Nyumba walizoziacha zilikuwa na tablo ukutani. Zilikwenda wapi? Zingine ziliuzwa, zingine zilifunika madirisha.

Tunao pia ulalamiko wetu kwa upande wa wasomi. Tablo za ile historia zilitoka inchini, ziko Amsterdam, katika jumba lililoitwa Tropenmuseum mpaka 2023. Zimetunzwa vizuri, hatuna shaka. Huku zingeliwa na mchwa, ao zingeuzwa wakati wa njaa. Hayo tunayakubali. Lakini kitabu kiko kwa Kiingereza, lugha ambayo mchoraji hakuisema, na bei yake inashinda mshahara wa mwalimu wetu. Sauti yake ya Kiswahili imeandikwa na kuwekwa ku intaneti, jambo jema, na tunawaomba walimu wa Kasulo waifungue mbele ya wanafunzi, hata kwa telefone. Mtoto atashangaa kusikia kwamba Kiswahili anachochekwa nacho njo kilichotumika kusimulia historia nzima ya inchi. Kuomba tablo zirudi ni haki. Kuzisoma tunaweza kuanza leo.

Ukuta wa leo ukoje? Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978, amefanya kazi mbili ambazo msomaji wetu inafaa azijue. Ya kwanza, Mémoire ya 2006, alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa Union Minière akazibandika juu ya foto mpya za viwanda vilivyoharibika. Wazee wetu waliovaa nguo za kazi wanasimama kati ya mabati yenye kutu, kana kwamba wamerudi kuuliza. Tofauti na Tshibumba, yeye hakuchora kisichokuwa na foto. Alifanya foto ya Kampuni iseme kile ambacho Kampuni haikutaka iseme. Ya pili inatuhusu zaidi, kwa maana ameipa jina la Kolwezi. Alipiga foto mashimo na kambi za wakrezeri, akaziweka kando ya mabango ya Kichina ambayo watu wananunua kwa bei ndogo: maporomoko ya maji, nyumba za ghorofa kando ya ziwa, bustani yenye maua, gari nyekundu.

Mabango hayo tunayajua. Ingia nyumba kumi za kartie letu, utayakuta katika nyingi, juu ya ukuta wenye ufa, kwa sababu chini ya ukuta kuna shimo. Tangu 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za Kasulo, watu wamechimba mu parseli zao, chini ya kitanda, chini ya jiko. Mwaka wa 2017 upande mmoja wa kartie ulizungushwa ukuta na familia zikahamishwa. Hatuwacheki wenye kutundika maporomoko ya maji. Mwenye kushinda siku nzima ndani ya shimo ana haki ya kuangalia maji. Lakini bango lile halimkumbushi mtu kitu. Mgeni haulizi, mwenye nyumba hasimulii. Ni mahali ambapo hakuna mtu amekwenda, na hakuna mtu aliyekufa pale. Baba yake mwenye nyumba huyo alikuwa na Colonie belge ukutani, na usiku mmoja kwa mwezi, pombe ikiwako, watoto walisikia habari ya boloko.

Tena kuna mambo ambayo Tshibumba hakuyafikisha katika ile kazi, kwa sababu ilikwisha 1974. Vita ya siku themanini ya 1977 haimo. Vita ya siku sita haimo: Mei 1978, wakati watu wa FNLC walipoingia Kolwezi kutoka Angola, na askari wa Ufaransa wakashuka kwa parashuti tarehe 19. Picha ambayo dunia inayo juu ya vita ile ni filamu ya Wafaransa ya mwaka wa 1980, ambamo legioni inashinda. Maiti za weusi zilizojaa barabara ya cité, foleni za kutafuta maji, watu waliojificha chini ya vitanda: nani amezichora? Na shimo la Kasulo, nani atalichora, si kwa gazeti la Ulaya lenye kutafuta mtoto mwenye uso wa vumbi, lakini kwa saloni letu?

Tunajua vijana wawili watatu wa hapa wanaochora vizuri, lakini wanachora simba na mamba muntu kwa ajili ya hoteli, na makanisa mengine yanawakataza hata mamba muntu. Tumezungumza nao. Walituambia kazi ya ukumbusho haina mnunuzi. Labda ni kweli, lakini mnunuzi wa 1970 hakuwa tajiri kupita krezeri wa leo siku anapouza gunia zake.

Kwa hiyo chama chetu kinaomba jambo moja. Yeyote mwenye tablo ya zamani nyumbani, Colonie belge, Lumumba, Mushidi, reli, hata kama imepasuka ao jina la mchoraji limefutika, atuite ao atuletee siku ya mkutano. Hatutaichukua. Tutaipiga foto, tutaandika ilinunuliwa mwaka gani, ilitundikwa chumba gani, na yale mwenye nyumba anayosema juu yake, kwa maneno yake mwenyewe, hata kama hayasikilizani na ya jirani. Kisha mwenyewe ataibeba airudishe ukutani.